Kikao Huanza Kabla ya Kikao: Mwongozo kwa Mjumbe Mpya wa Kamati za Chuo Kikuu

Barua inayokuteua kuwa mjumbe wa kamati ya chuo kikuu kwa kawaida huwa fupi. Hutaja jina la kamati, muda wa ujumbe na cheo cha aliyetia saini, basi. Haikuambii kamati hiyo inaamua nini na inapendekeza nini, maamuzi yake yanapelekwa wapi, wala nani anaandaa karatasi zinazoletwa mbele yake. Mhadhiri mpya huingia kikaoni akidhani kazi yake ni kusikiliza, kutoa hoja nzuri panapohitajika na kunyoosha mkono wakati wa kura. Baada ya vikao viwili vitatu hugundua kwamba kura hazipigwi mara nyingi, hoja yake nzuri haikuandikwa popote, na jambo alilolipinga limeshapita. Hapo wengi hukata tamaa, wakaanza kutuma udhuru. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhadhiri huyo kabla hajakata tamaa, na hoja yake ni moja. Nguvu ya kamati ya chuo kikuu imo katika karatasi zinazotangulia kikao na zile zinazokifuata, kuliko mjadala wa siku yenyewe. Kwa kuwa taaluma ya chuo hulindwa au hubomolewa ndani ya karatasi hizo, kujua kuzisoma na kuziandika ni sehemu ya kazi ya uhadhiri, sawa na kufundisha na kutafiti. Nitatumia zaidi mfano wa vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nitavuka mpaka kwenda Makerere na Nairobi pale ambapo majirani wana la kutufundisha.

Anza kwa kujua ngazi. Chuo kikuu cha umma kwetu kina vyombo vikuu viwili, Baraza na Seneti, na kila ugomvi mkubwa wa kitaaluma mwishowe hugeuka kuwa ugomvi juu ya mpaka kati ya vyombo hivi. Baraza lina wajumbe wengi kutoka nje ya chuo, na ndilo lenye dhamana ya mali, fedha, ajira na sera. Seneti huongozwa na Makamu Mkuu wa Chuo, na wengi wa wajumbe wake ni wanataaluma. Hiyo ndiyo yenye dhamana ya mitaala, udahili, mitihani na utoaji wa shahada. Chini ya Seneti kuna bodi za ndaki, shule kuu na taasisi, zikiongozwa na marasi, maamidi na wakurugenzi, na chini yao kuna vikao vya idara. Mgawanyo huu ulikuja kutoka Uingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Majina ya vitivo na ndaki yamebadilika mara kadhaa tangu hapo, lakini mfumo wa vyombo viwili umebaki. Leo unasimamiwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, iliyounda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na kila chuo kina Hati Idhini yake na kanuni zinazoifafanua.

Kwa hiyo kabla ya kikao chako cha kwanza tafuta nyaraka tatu: Hati Idhini ya chuo, kanuni zinazohusu kamati yako, na hadidu za rejea za kamati yenyewe. Ya tatu mara nyingi ni ngumu kuipata. Mwombe katibu, na akikosa mwombe kwa maandishi, kwa sababu kamati isiyojua hadidu zake hufanya kazi kwa mazoea, na mazoea huwa ni ya aliyekaa muda mrefu zaidi. Unaposoma, jiulize jambo moja kila unapokutana na kifungu: hapa kamati inaamua, inapendekeza, au inapokea taarifa tu? Bodi ya ndaki inaweza kujadili mtaala mpya kwa saa nne, lakini inapendekeza tu. Anayeidhinisha ni Seneti. Kwa upande mwingine, yako mambo ambayo Seneti imeyakasimu kwa kamati zake, kwa mfano kuthibitisha mada ya tasnifu au kuteua watahini, na hapo uamuzi wa kamati ndio wa mwisho kwa shughuli za kawaida. Mjumbe asiyejua tofauti hii hutumia nguvu zake mahali ambapo hakuna kinachoamuliwa, kisha hunyamaza mahali ambapo kila kitu kinaamuliwa.

Kwamba mpaka wa nani anaamua nini una uzito si nadharia. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika mkutano mkubwa pale Mlimani, kwenye chuo cha Dar es Salaam, kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Mijadala iliyofuata katika vitivo, mikali na mirefu, ilizaa kozi ya pamoja kwa wanafunzi na hatimaye Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973. Walimu waligombana juu ya nini kifundishwe, nani akifundishe na kwa mbinu gani, na kilichotoka kilidumu kwa sababu kilikuwa kimepitia kwa watu waliotakiwa kukifundisha. Linganisha na Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambalo liliamua kwamba vijana wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Azimio hilo lilitoka kwenye chama, TANU, na lilikuwa na nia ambayo mtu anaweza kuitetea hata leo. Lakini vigezo vya udahili viligeuzwa bila kupimwa na watu ambao kila mwaka walikuwa wakiyaona mafaili ya waombaji. Idadi ya wasichana iliporomoka, na haukupita muda mrefu kabla hawajaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja kutoka sekondari. Sisemi kwamba kamati ya udahili ingeliona kila kitu. Ninachosema ni kwamba swali la nini kitawapata wasichana watakaokaa nje ya masomo miaka miwili ni la aina ambayo huulizwa na mtu mwenye faili mkononi, na kamati za Seneti zipo ili mtu huyo awe na kiti mezani.

Sasa fuata safari ya karatasi moja. Chukua programu mpya ya shahada. Inaanza kama wazo la walimu wawili au watatu katika idara. Inaandikwa waraka wenye tathmini ya mahitaji, maoni ya wadau, orodha ya kozi, majina na sifa za walimu, hali ya maabara na maktaba. Kikao cha idara kinaujadili, bodi ya ndaki inaupitia, kamati ya Seneti inayohusika na masomo ya shahada hiyo inauchambua, Seneti inauidhinisha, kisha unakwenda TCU, ambayo bila ithibati yake chuo hakiruhusiwi kudahili mwanafunzi hata mmoja katika programu hiyo. Ukihesabu, waraka huo umepita mbele ya meza tano. Mtu akiutazama kwa haraka ataona urasimu. Utazame tena kwa makini: kila meza ina swali lake. Idara inauliza kama somo ni sahihi. Ndaki inauliza kama idara nyingine haifundishi jambo hilohilo, na kama walimu waliotajwa hawajatajwa pia kwenye programu nyingine nne. Kamati ya Seneti inauliza kama idadi ya saa na krediti za kozi inalingana na kanuni za chuo. Seneti inauliza kama chuo kizima kinaweza kuubeba mzigo huo. Hatari ya kweli hutokea pale meza ya pili inaporudia swali la kwanza na kuacha lake, kila mtu akisahihisha tahajia na majina ya kozi, na hakuna aliyehesabu walimu. Ukijua meza yako inapaswa kuuliza swali gani, umeshafanya nusu ya kazi ya ujumbe.

Hapo ndipo umuhimu wa siku zinazotangulia kikao unapoonekana. Waraka ukishafika mezani ukiwa na lugha yake, takwimu zake na pendekezo lake mwishoni, kikao huwa na njia mbili tu: kuukubali au kuurudisha. Kuuandika upya kikaoni, watu ishirini wakiwa wamekaa, hakuwezekani. Aliyeandika pendekezo ndiye aliyeamua mjadala uwe juu ya nini. Ukiwa na wasiwasi juu ya jambo, nenda kwa mwandishi wa waraka kabla haujasambazwa, ukiwa na sentensi mbadala iliyoandikwa tayari. Ukiwa umechelewa na ajenda imeshatoka, mwandikie katibu hoja yako na uombe isambazwe pamoja na kabrasha. Ongea pia na mjumbe mmoja au wawili wa idara nyingine. Hoja inayotoka idara moja husikika kama malalamiko ya idara hiyo, hoja ileile ikitoka idara tatu husikika kama hoja. Wapo wanaoona haya kufanya hivi wakidhani ni kupanga njama. Njama ni makubaliano yanayofichwa ili wengine wasijue. Mazungumzo yanayoishia kwenye karatasi iliyosambazwa kwa wajumbe wote ni maandalizi. Na lisome kabrasha lote, hata viambatisho, hasa viambatisho, kwa sababu jedwali la bajeti linalogeuza maana ya pendekezo mara nyingi liko ukurasa wa mwisho.

Ndani ya kikao chenyewe zingatia mambo machache. La kwanza ni akidi: kama wajumbe hawatoshi, uamuzi hauna miguu, na ni afadhali kikao kiahirishwe kuliko kuja kubatilishwa. La pili ni yatokanayo na kikao kilichopita. Wajumbe wengi huitumia nusu saa hiyo kujibu ujumbe kwenye simu, na kumbe ni kipindi chenye nguvu kuliko vyote, kwa kuwa ndipo unapouliza kwa nini jambo lililoagizwa miezi mitatu iliyopita halijatekelezwa, na jibu linaandikwa. La tatu ni maamuzi ambayo mwenyekiti ameyafanya kwa niaba ya kamati kati ya kikao na kikao. Kanuni nyingi zinaruhusu hilo kwa mambo ya dharura, na ni sawa. Lakini uamuzi huo lazima uletwe kikaoni na kuandikwa, na ukiona orodha yake inazidi kuwa ndefu kuliko ajenda, uliza kwa upole kila dharura ilikuwa ipi. La nne ni namna ya kupinga. Kusema tu kwamba hukubaliani huishia hewani. Sema unapendekeza nini badala yake, kisha omba maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu pamoja na sababu.

Kumbukumbu ndizo kikao kinachobaki. Baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka nani alizungumza vizuri. Kitakachofunguliwa na mkaguzi, na wakili, na mkuu mpya wa idara ni muhtasari uliotiwa saini. Kwa hiyo soma rasimu yake mara tu inapofika, wakati bado unakumbuka. Angalia kama kilichoandikwa kuwa kimeidhinishwa kiliidhinishwa kweli, au kilipokelewa tu kama taarifa na kufanyiwa maoni. Tofauti hiyo imewahi kugharimu vyuo fedha nyingi na heshima, kwa kuwa mtendaji akishashika karatasi inayosema kamati imeidhinisha, atatekeleza, na hana kosa. Angalia kama kila agizo lina jina la mtu au ofisi na tarehe ya mwisho. Agizo lisilo na mwenyewe litarudi kwenye yatokanayo mpaka mtakapochoka. Na usikubali sababu ziachwe. Kumbukumbu zinazotaja uamuzi bila sababu zinamfunga anayekuja baada yenu, kwa kuwa hajui kama hali iliyowafanya muamue hivyo bado ipo.

Hakuna mahali ambapo haya yana uzito kuliko kwenye bodi ya mitihani, na hapa nataka nikae kidogo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anajua kamati moja tu kwa hakika, ile inayoamua kama amefaulu, atafanya sapu au amedisko. Matokeo anayoyaona kwenye mfumo ni ya awali mpaka Seneti iyathibitishe, na kati ya alama aliyoiandika mwalimu na uthibitisho huo kuna bodi ya idara, taarifa ya mtahini wa nje na bodi ya ndaki. Ukiwa mjumbe, utaletewa kurasa nyingi za majedwali na utashawishika kuyapitisha kwa kasi. Jizuie. Tazama kwanza kozi ambazo karibu wote wamefeli na zile ambazo karibu wote wana alama A, maana zote mbili zinaomba maelezo. Tazama waliosimama mpakani, na hakikisha kama kanuni inaruhusu kuwasogeza basi wote wa mpakani wamesogezwa kwa kipimo kimoja. Huruma kwa mwanafunzi mmoja ambaye mwalimu wake amezungumza kwa ufasaha ni dhuluma kwa yule wa jirani ambaye mwalimu wake hakuja. Soma taarifa ya mtahini wa nje ya mwaka jana uone kama aliyoyasema yamefanyiwa kazi. Bodi nyingi humpokea mgeni huyo kwa heshima, zikamshukuru, zikaliweka faili lake kabatini, kisha mwaka unaofuata akaandika yaleyale.

Na kama kesi ni ya udanganyifu katika mtihani, utaratibu ndio haki yenyewe. Mwanafunzi aarifiwe tuhuma kwa maandishi, apewe muda wa kujiandaa, asikilizwe, na asihukumiwe na aliyemshitaki. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Tanzania inataja haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Kenya ina ibara ya 47 ya Katiba yake ya 2010 na sheria ya mwaka 2015 inayoitekeleza. Mahakama zinapoombwa kupitia uamuzi wa chuo, kwa kawaida hazijiingizi kusahihisha mtihani. Zinauliza kama chombo kilichoamua kilikuwa na madaraka, kama akidi ilitimia, kama mlalamikaji alisikilizwa. Mwalimu anayesema kwamba kosa liko wazi na hakuna haja ya kumwita kijana anaweza kuwa sahihi juu ya kosa, na bado akasababisha kijana huyo arudishwe chuoni kwa amri ya mahakama bila tuhuma yenyewe kuwahi kuchunguzwa ipasavyo.

Kuhusu kupandisha vyeo nitasema kwa ufupi, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa kwa kina kuliko za kitu kingine chochote. Machapisho hupelekwa kwa watathmini wa nje, alama hujumlishwa, mapendekezo hupanda kutoka idarani hadi kwenye chombo cha Baraza. Wajibu wako mkubwa hapo ni mmoja: toka nje ya chumba inapojadiliwa kesi ya mwenzi wako, ndugu yako, uliyeandika naye makala nyingi, au mnayegombea naye nafasi. Usingoje kuombwa, na uhakikishe kutoka kwako kumeandikwa. Yanayosemwa humo yabaki humo.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya haya yote ni la muda. Mhadhiri ana madarasa ya mamia ya wanafunzi, ana tasnifu za kusimamia, ana makala ya kukamilisha ambayo ndiyo itakayompandisha cheo. Kwa nini akae saa tano kujadili jina la kozi? Pingamizi hili ni la haki kwa sehemu kubwa. Kamati zetu hubeba mambo mengi ambayo yangeweza kuamuliwa na mtu mmoja mwenye dhamana na kuletwa kama taarifa. Dawa ni kukasimu zaidi: mambo ya kawaida yawekwe kwenye orodha moja inayopitishwa kwa pamoja mwanzoni, isipokuwa mjumbe aombe moja litolewe lijadiliwe. Chuo pia kinaweza kuuhesabu ujumbe wa kamati kama mzigo wa kazi unaotambuliwa, badala ya kuuacha uwe adhabu ya wanaokubali. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kamati zifutwe ni kuruka. Uamuzi wa haraka wa ofisi moja unaweza kuokoa wiki sita, kisha ukala miaka miwili ya kuurekebisha, na anayeilipa miaka hiyo ni mwanafunzi aliyedahiliwa kwenye programu isiyo na walimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mambo yote makubwa yameshaamuliwa kwingine, na kamati zipo kugonga muhuri. Mkuu wa Chuo huteuliwa na Rais wa nchi, bajeti inategemea Hazina, ajira zinasubiri kibali cha serikali. Katika vyuo vingi nafasi za uamidi ambazo zamani walimu walizipigia kura sasa hujazwa kwa uteuzi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuta ndaki zake na kurudi kwenye vitivo vinavyoongozwa na maamidi watendaji, na mabadiliko hayo yalizua mvutano mkubwa na wahadhiri. Sina haja ya kukanusha kwamba mwelekeo ndio huo. Ila ushahidi unaonyesha pia kwamba wanataaluma hupoteza madaraka kwa njia ya pili, isiyopigiwa kelele, pale wanapoyaachia wenyewe. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kulipa ada mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kabla muongo haujaisha walikuwa wengi kuliko wale wa serikali. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya mageuzi hayo, anaeleza jinsi fedha hizo zilivyovifanya vitengo vishindane kuanzisha programu zinazouzika, hata kwa kuingia kwenye uwanja wa wengine, na jinsi usimamizi wa kitaaluma ulivyoshindwa kuendana na kasi hiyo. Hakuna askari aliyeingia kwenye chumba cha Seneti. Programu zilipita mezani moja baada ya nyingine, na waliokuwa mezani walikuwa walimu.

Kuna ushahidi wa upande wa pili pia. Mwaka 1971 Simon Akivaga, rais wa wanafunzi pale Mlimani, alifukuzwa baada ya barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo iliyolalamikia namna chuo kilivyokuwa kikiongozwa. Wanafunzi na walimu wengi walisimama pamoja naye, na moja ya mambo yaliyokuwa katikati ya mgogoro huo ni nani ana sauti kwenye vyombo vya maamuzi. Mwaka 1990, mwaka ambao serikali ilikifunga chuo hicho kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Dar es Salaam zilitoa Azimio lao juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na Novemba mwaka huohuo mkutano wa Kampala ukatoa Azimio la bara zima. Mapendekezo ya UNESCO ya mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu yalikwenda mbali kiasi cha kusema walimu wawe na haki ya kuchagua wengi wa wawakilishi katika vyombo vya kitaaluma. Maandishi haya hayana polisi wa kuyasimamia. Lakini mjumbe anayeyajua anaweza kuyataja, na menejimenti inayotaka jambo lipite haraka itakutana na swali lililoandikwa ambalo itapaswa kulijibu kwa maandishi. Hata uamuzi uliokwisha kufanywa ofisini hubadilika sura unapolazimika kuandikiwa sababu.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini na wahadhiri wasaidizi: nitampingaje profesa ambaye kesho atakaa kwenye kamati ya kunipandisha cheo? Hofu hii ina msingi, na utamaduni wetu wa kumheshimu mkubwa huiongezea nguvu. Ushauri wangu ni wa kiutendaji. Uliza badala ya kushambulia. Swali la takwimu zimetoka wapi halimvunjii mtu heshima, na lina nguvu kuliko hotuba. Toa hoja yako kwa maandishi kupitia idara, ili iwe ya idara. Pale kanuni zinaporuhusu, omba kura ya siri. Jumuiya ya wanataaluma, kama UDASA pale Mlimani au chama cha wahadhiri UASU kule Kenya, ipo kwa ajili ya mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyabeba, na ina uwezo wa kuyasema bila jina lako. Kwa wewe ambaye tayari ni profesa, wajibu ni mkubwa zaidi: mpe mdogo nafasi ya kusema kabla yako, kwa kuwa ukishasema wewe kwanza umeshafunga mjadala bila kujua. Mfanyie vivyo hivyo mwakilishi wa wanafunzi. Mara nyingi hupewa kiti mwisho wa meza na kabrasha siku ileile, na yeye ndiye pekee humo ndani anayejua mfumo wa usajili unavyofanya kazi saa sita usiku, siku ya mwisho ya kujisajili.

Muda wako wa ujumbe utakapokaribia kwisha, miezi mitatu kabla, andaa faili la kukabidhi: hadidu za rejea, kumbukumbu za kipindi chako, maagizo ambayo hayajatekelezwa na yalikwama kwa nani, na mambo ambayo kamati iliahidi kuyarudia. Mpe atakayekufuata mkononi, mkae naye saa moja, na umwonyeshe kila jambo liko ukurasa gani.